Kosa Lisahihishwe Wapi? Maktaba za kuhariri mstari wa amri na umbali wa Moba

Anayeandika amri kwenye kompyuta hukosea, na hukosea mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Huandika jina la faili akaruka herufi, huandika swali refu la hifadhidata akasahau mkato katikati, hugundua kosa kidole kikiwa tayari juu ya Enter. Kinachomwezesha kurudi nyuma kwa kishale, kufuta neno moja bila kugusa mengine, kuita tena amri ya jana au kubonyeza Tab ili jina limaliziwe ni programu ndogo iliyojificha ndani ya programu kubwa: maktaba ya kuhariri mstari. Inayojulikana kuliko zote ni GNU Readline. Ziko nyingine, zote huria: libedit ya watu wa NetBSD, linenoise ya Salvatore Sanfilippo wa Sicilia, prompt_toolkit ya wanaoandika Python. Waunda programu wanapozilinganisha hubishana juu ya leseni, ukubwa wa msimbo na wingi wa vitufe zinavyovielewa. Ukilitazama suala hili kutoka Moba, ufukoni magharibi mwa Ziwa Tanganyika, swali la kwanza ni jingine kabisa: kosa linasahihishwa wapi, kwenye mashine iliyo mbele ya mwandishi au kwenye seva iliyo mwisho wa safari ya mtandao? Ninadai kwamba hilo ndilo linalostahili kutangulia, na kwamba mengine, hata ugomvi wa leseni, hueleweka vizuri zaidi likishajibiwa.

Moba haiko nje ya habari hizi. Teritwari hiyo ya jimbo la Tanganyika ina zoni mbili za afya, Moba na Kansimba, kati ya zoni 11 za jimbo na 519 za nchi nzima. Takwimu za chanjo, malaria na uzazi huingizwa kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambao mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Kenya, Tanzania na Uganda huutumia pia. DHIS2 huweka data zake katika PostgreSQL, na msimamizi anayetaka kuona kilichoharibika, tuseme takwimu zilizoingia mara mbili au kituo kilichoandikwa chini ya zoni isiyo yake, hufungua psql, programu ya mstari wa amri. Nayo psql haijui kuhariri mstari. Huazima kazi hiyo kwa Readline au libedit. Kwa hiyo kati ya daftari la muuguzi wa Kirungu, kule juu kwenye nyanda zinazoitazama bandari ya Moba, na ripoti inayosomwa Kinshasa, kuna mahali ambapo mtu mmoja anaandika mstari mmoja, na maktaba hiyo ndiyo inayompa nafasi ya kulikamata kosa kabla ya Enter. Baada ya Enter mara nyingi huwa amechelewa. Amri ya kufuta iliyosahauliwa sharti lake haimsubiri mtu ajute.

Zamani kusahihisha kulikuwa kazi ya kiini cha mfumo peke yake. Unix ya mwanzo ilitumia mashine za Teletype zilizochapa kwenye karatasi, na wino uliokwishachapwa haufutiki. Basi zikatengwa alama mbili, # ya kufuta herufi iliyotangulia na @ ya kutupa mstari mzima. Skrini zilipokuja, zikiwemo za VT100 za mwaka 1978, kishale kiliweza kurudi nyuma na kuandika juu ya kosa, lakini kiini cha mfumo kiliendelea kujua machache tu: futa herufi, futa neno, futa mstari. Ndivyo kilivyo hadi leo. Kwenye programu isiyo na maktaba ya kuhariri, ukibonyeza mshale wa kushoto utaona takataka kama ^[[D, kwa sababu mshale hutuma herufi tatu na hakuna wa kuzitafsiri. Brian Fox alipoandika Readline mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati mradi wa GNU ukitengeneza Bash, ganda lake la amri, aligeuza mpangilio huo. Maktaba huiambia terminali iache kukusanya mstari na ipitishe kila herufi mara inapobonyezwa. Kisha maktaba yenyewe hushika mstari, huuchora upya kila unapobadilika, na kuukabidhi kwa programu ukiwa kamili. Faida ilikuwa kubwa. Gharama haikuonekana, kwa sababu kibodi na programu vilikuwa chumba kimoja, au walau ndani ya uzio wa chuo kimoja: tangu hapo kila kitufe kinahitaji jibu la mashine inayoendesha programu.

Sasa iweke mashine hiyo mbali. Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta ziko kilomita 35,786 angani. Ishara ikipanda na kushuka, kisha jibu nalo likapanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha hata kabla ya kuhesabu foleni za mtandao. Kwa vitendo ni milisekunde 600 au zaidi. Aliyeingia kwenye seva kwa SSH kupitia njia hiyo huiona herufi baada ya kidole chake kuondoka zamani. Wapo wanaosema mtu huzoea, na kwa kuandika ni kweli, maana ajuaye anachotaka kuandika anaweza kuandika amefumba macho. Kusahihisha ndiko kusikozoeleka. Ili kurudisha kishale hatua kumi na nne hadi penye kosa ni lazima ukione kilipo, na pale kinapoonekana kwenye skrini sipo kilipo kwenye seva. Mwandishi hulipita kosa, hurudi, hulipita tena upande wa pili, na mwisho hufuta mstari wote aanze upya. Kuchelewa kwa mtandao humwacha huru asiyekosea na kumwangukia anayejirekebisha. Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT walilipima jambo hili walipoitangaza Mosh mwaka 2012: kwenye mtandao mmoja wa 3G wa Marekani, muda wa kati wa kusubiri jibu la kitufe kwa SSH ulikuwa milisekunde 503, na Mosh, ambayo hukisia mwangwi wa herufi hapohapo kwenye mashine ya mtumiaji, iliushusha chini ya milisekunde 5. Wazo la kuleta uhariri upande wa mtumiaji lilikuwepo tangu zamani. Waraka RFC 1184 wa Oktoba 1990 ulieleza namna Telnet, itifaki ya zamani ya kuingia kwenye mashine ya mbali, inavyoweza kuacha mstari uandikwe na kusahihishwa kwa mtumiaji, kisha utumwe ukiwa mzima. SSH iliyoirithi Telnet haikuubeba utaratibu huo, na Readline yenyewe ilisaidia kuuzika: programu inayodai kila herufi ipitishwe papo hapo haiwezi kungoja mstari mzima.

Dawa iliyo karibu haihitaji uvumbuzi. psql inaweza kuendeshwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuingia kwenye seva kwa SSH na kuifungua huko. Ya pili ni kuiweka kwenye kompyuta ya ofisini na kuielekeza kwenye hifadhidata ya mbali. Programu ni ileile, maktaba ni ileile, lakini katika namna ya pili kishale, historia na ufutaji vyote viko mezani, na kinachovuka mtandao ni swali lililokwishasahihishwa. Tofauti yake hata kwa baiti inahesabika. Amri ya herufi 60 ndani ya SSH huondoka kama vifurushi 60 au zaidi, kila kimoja kikibeba herufi moja ndani ya takribani baiti mia za usimbaji na anwani, na vingine hurudi na mwangwi. Ikihaririwa mezani huondoka mara moja. Atatokea wa kupinga kwamba kuifungua hifadhidata ya afya kwa intaneti nzima ni hatari, na atakuwa na haki. Lakini si lazima kuifungua: SSH yenyewe huweza kuchimba njia ya siri kutoka kompyuta ya ofisi hadi seva, na psql ikapita humo. Lililobaki bila dawa ni Tab. Ukiibonyeza ndani ya psql ili jina la jedwali limaliziwe, psql huiuliza hifadhidata, na Readline hungoja jibu huku mstari ukiwa umeganda. Hapa ubora wa maktaba huanza kupimika kwa kipimo cha Moba. prompt_toolkit huruhusu kutafuta majina kando, mwandishi akiendelea kuandika. Readline haikuumbwa hivyo. Kwenye orodha ya kawaida ya ulinganisho hiyo ni tofauti ndogo ndogo. Kwenye setilaiti ni tofauti kati ya kitufe kinachotumika na kitufe kinachoepukwa.

Mfano ulio karibu zaidi na watu wengi wa Moba hauna terminali. Ni USSD, ile menyu ya nyota na reli inayopokea na kutuma pesa kwa simu za vitufe. M-Pesa ya Vodacom iliingia Congo mwaka 2012, na Airtel nayo ina yake. Kwa umbo, USSD ni mstari wa amri: unaandika, unatuma, unajibiwa kwa maandishi yasiyozidi herufi 182. Uhariri wa tarakimu hufanyika ndani ya simu, mtandao haupelekewi chochote hadi ubonyeze kutuma, na kwa sababu hiyo namba ya mpokeaji hurekebishika bila shida hata penye mnara mmoja dhaifu. Tatizo huanza hatua zikiwa kadhaa. Ukigundua katika hatua ya nne kwamba ya pili ilikosewa, mara nyingi njia ni kutoka na kuanza upya. Hakuna kishale cha kurudi kwenye hatua iliyopita, hakuna historia ya kuita muamala wa jana ukabadilisha kiasi tu, na kikao hukatika mwandishi akisitasita. Nusu ya kazi ya maktaba ya kuhariri imo, nusu nyingine haimo, na nusu isiyokuwemo ndiyo inayomgharimu mtu muda. Anayedhani uhariri wa mstari ni starehe ya mafundi wa kompyuta na atazame foleni ya kibanda chochote cha kutolea pesa.

Leseni nayo hubadilika sura ikitazamwa hivi. Readline iko chini ya GPL, na Richard Stallman, mwanzilishi wa GNU, aliitumia kwa makusudi kama kivutio: unayetaka ubora huu, programu yako nayo iwe huria kwa masharti yaleyale. Mwaka 1992 Bruno Haible, mmoja wa waandishi wa CLISP, programu ya lugha ya Lisp, alijaribu kuisambaza programu yake pamoja na Readline bila kukubali hilo. Baada ya kubishana na Stallman kwa barua, CLISP ikawa GPL. Kwa upande wa Stallman ulikuwa ushindi. Wengine walichukua funzo tofauti, wakaandika maktaba zenye leseni legevu. Sanfilippo alitaka kuhariri mstari ndani ya Redis, hifadhidata yake, bila kubeba mzigo wa Readline, na linenoise yake ina mistari elfu moja na kitu, yaani msimbo ambao mwanafunzi anaweza kuusoma wote siku moja. Ninaona pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila bei ya mgogoro haikulipwa na waliogombana. Ililipwa na watumiaji wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, mwanzoni mwa mwaka 2011. Leseni ya wakati huo ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, haikupatana na GPL ya Readline, psql ilizitumia maktaba zote mbili, kwa hiyo wasambazaji wakaiondoa Readline na kuweka libedit. Na libedit iliyokuwa Debian siku hizo haikumudu herufi zilizo nje ya ASCII. Watu waliokuwa wakiandika majina yao vizuri jana wakashindwa leo. Ikabidi kutengenezwa ujanja wa kuipenyeza Readline wakati psql inapoanza. OpenSSL ilibadili leseni ilipotoa toleo la 3.0 mwaka 2021, miaka kumi baadaye.

Kisa hicho kina somo ambalo msomaji wa Kiswahili huenda asilione haraka, kwa kuwa lugha yake imebahatika. Kiswahili huandikwa chote kwa herufi zisizo na alama, kila moja baiti moja, na maktaba iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza tu humtumikia mtu wa Dar es Salaam bila kulalamika. Congo ni nchi ya Kiswahili inayoandika faili zake kwa Kifaransa. Majina ya vituo, ya dawa na ya watu yamejaa é, è na ç, na kila moja ya hizo katika UTF-8 ni baiti mbili zinazochukua nafasi moja kwenye skrini. Maktaba isiyojua hesabu hiyo humwonyesha mwandishi kishale mahali pasipo, na ukifuta herufi moja hubaki nusu yake, baiti yatima inayoifanya hifadhidata ya UTF-8 kama PostgreSQL iikatae amri nzima. Ni ugonjwa uleule wa setilaiti: kinachoonekana kwenye skrini hakilingani na kilichomo, na anayeumia ni anayesahihisha. linenoise ilipotoka haikushughulikia UTF-8, na waliohitaji zaidi, kama waandishi wa replxx, walilazimika kuiendeleza upande wao. Ufupi wa msimbo unasifiwa sana na waunda programu. Mara nyingi hupatikana kwa kuwaacha nje watu fulani.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba umbali wenyewe unakwisha. Mamlaka ya mawasiliano ya Congo, ARPTC, iliyopiga marufuku Starlink Machi 2024, iliipa leseni Mei 2025, na setilaiti zake ziko takribani kilomita 550 tu juu, hivyo kuchelewa hushuka hadi makumi machache ya milisekunde. Ni kweli, na penye Starlink nusu ya malalamiko yangu hufutika. Lakini kuchelewa kwa wastani na kukatika ni mambo mawili. Umeme wa mnara ukizimika, salio likiisha au mvua ikipiga, kilichohaririwa mbali kimekwenda na kilichohaririwa karibu kipo. Pingamizi la pili husema simu janja na kurasa za wavuti zimeuacha mstari wa amri nyuma. Hata hivyo programu ya simu ya DHIS2 imepata nguvu yake vijijini kwa sababu inamruhusu mtumiaji kujaza na kurekebisha bila mtandao, kisha kutuma baadaye. Kanuni ni ileile iliyovaa nguo nyingine. Na kama wanaoandika amri katika jimbo zima ni wachache mno, uchache huo unanipa hoja badala ya kuninyima: fundi mmoja anapobeba data za zoni 11, kosa lake moja halibaki kwake.

Umeme wa ofisini nao unahitaji neno lake, kwa kuwa maktaba nyingi ziliandikwa na watu ambao kwao kompyuta huzimwa kwa hiari. Bash kwa kawaida huandika historia ya amri kwenye diski inapofungwa. Psql hali kadhalika. Kompyuta ikifa ghafla, asubuhi nzima ya maswali yaliyonyooshwa kwa taabu hupotea, na yale yaliyosahihishwa mara tatu huanza tena kutoka kosa la kwanza. redis-cli, programu ya amri ya Redis, kwa kutumia linenoise huhifadhi baada ya kila amri, na hiyo ndiyo tabia inayofaa mahali ambapo mtambo wa jua hulemewa kabla ya jioni. Upande wa pili wa historia ni siri. Katika ofisi ambamo kompyuta moja hutumiwa na watu wanne kwa jina moja la kuingilia, faili la historia huwa na nenosiri la mtu aliyeliandika ndani ya amri, likisubiri yeyote atakayebonyeza mshale wa juu. Bash inaweza kuagizwa isihifadhi amri inayoanza na nafasi tupu, na psql ina amri maalumu ya kubadili nenosiri bila kuliacha kwenye historia. Vyote viwili vinafaa kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya Tab.

Je, inafaa basi kijana wa Kalemie au Lubumbashi aandike maktaba yake? Kwa kujifunza, ndiyo, na linenoise ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa kuitegemea, ningesita. Kazi hii huonekana ndogo hadi mtu aifanye: mstari unaozidi upana wa skrini, dirisha linalobadilishwa ukubwa, maandishi yaliyobandikwa ambayo yana Enter ndani yake na yangeweza kujiendesha yenyewe. Hili la mwisho Readline ililiziba kwa kawaida katika toleo la 8.1, Desemba 2020, baada ya zaidi ya miaka thelathini ya kuishi. Hata Python, iliyoitegemea Readline kwa miaka mingi, ilipoleta kihariri kipya katika toleo la 3.13 la mwaka 2024 ilianza na msimbo uliokuwa umekomazwa ndani ya PyPy, toleo mbadala la Python. Kinachotia wasiwasi zaidi ni watunzaji. Readline na Bash zimekuwa mikononi mwa Chet Ramey wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve tangu miaka ya 1990, na ulimwengu mzima hutegemea subira ya mtu huyo. Kisa cha xz, programu huria ya kubana faili, kilionyesha hatari ya mpango wa namna hii: Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa wahandisi wa PostgreSQL, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa na mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji aliyechoka, na alianza kushuku kwa sababu kuingia kwa SSH kulichukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Kwenye njia ya setilaiti nusu sekunde hiyo isingemshangaza mtu.

Kwa hiyo mchango ulio na thamani kutoka upande huu wa ziwa hauhitaji kuwa maktaba nyingine tena. Linux ina chombo kiitwacho netem ambacho huongeza kuchelewa na upotevu wa vifurushi kwa makusudi. Mtu wa Nairobi mwenye intaneti ya kasi anaweza kujiwekea milisekunde 600 na asilimia chache za upotevu, akafungua psql kwa njia zote mbili, akaandika jina lenye é katikati, akarudi kulirekebisha, akabonyeza Tab, kisha akauchomoa umeme.  Jaribio hili la mfululizo mmoja, likiandikwa kwa msimbo na kutumwa kwa watunzaji wa Readline, libedit na prompt_toolkit, litawaonyesha ni wapi mstari wao unapotea na ni nani aliyekuwa akiuandika.